Kadi za Akina Mama wa Matiri

Mbinga mjini,
Desemba, wiki ya pili ya Majilio

Mama yangu,

Shikamoo. Naamini mmeamka salama wewe na Neema, na kile kifua chako kimekupa nafuu na hizi mvua. Miguu je? Bado unaipanda mwenyewe ile michungwa ya juu, au siku hizi unamwachia kaka Yoeli? Mimi ni mzima, ila ni uzima wa kuchoka. Nikikaa mgongo unauma, nikisimama miguu inauma, kwa hiyo naandika nimeegemea meza ya duka na bosi wangu anajifanya hanioni.

Ningeweza kupiga simu. Lakini tangu nilipokwambia kwamba Januari umpandishe Neema basi aje aishi na mimi huku, kila nikipiga tunasalimiana, tunaulizana habari za mvua, halafu tunanyamaza mpaka salio linaisha. Hukukataa, Mama, lakini nakujua. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Macho yakikushinda mpe kaka akusomee, ila Neema asiwe karibu.

Nianze na kazi, maana ndiyo imenila mwezi huu wote. Nilikwambia kwamba Konsolata, yule rafiki yangu wa chuo mwenye hili duka la steshenari, alinunua mashine ya kukatia karatasi, ukaniuliza kama ni mkasi wa umeme. Hukukosea sana. Nachora picha kwenye kompyuta, natandaza manila kwenye plastiki yenye gundi tunayoiita mkeka, mashine inaimeza, na kisu kidogo kama ncha ya kalamu kinafuata kila mstari niliouchora. Watu wakiiona wanadhani tunakaa tu tunakunywa chai. Kumbe mashine inakata basi. Kuvitoa vile vipande vidogo ndani ya picha ni kazi ya sindano na vidole, kubandika ni kazi ya gundi na vidole, na nyota ya kadi hainingʼinii kwenye uzi mpaka mtu aifunge. Umeme nao msimu huu wa mvua unaondoka bila kuaga. Ukikatika kisu kikiwa katikati ya karatasi, hiyo karatasi ni ya kuwashia jiko.

Sasa wakaja akina mama wa Matiri. Matiri ni huko juu milimani, watu wa kahawa na mahindi, Wakatoliki wa kusali kwelikweli. Walitaka kadi za Krismasi za kuwatumia watoto wao waliotawanyika Songea, Dodoma na Dar. Nikawaonyesha zile tulizo nazo. Mwenyekiti wao, Mama Bosko, akaigeuzageuza moja.

"Hii nyeupe ni nini?"

"Theluji, mama."

"Theluji ya wapi, dada? Sisi tunataka kilima chetu. Mtoto akifungua aone kwao."

Nikasema hakuna shida. Kilima chao nilikuwa nakiona kila siku kutoka barabarani. Mama, watu wa huku hawalimi mteremko kama sisi. Wanafyeka nyasi, wanazipanga miraba miraba, wanazifukia kwa udongo zinakuwa matuta, na katikati ya kila mraba panabaki shimo. Wanaita ngolo. Ukiwa mbali unaona kilima kizima kama kikaango cha vitumbua. Mimi mtu wa Muheza niliona mashimo tu, basi nikachora mashimo. Nikaiambia kompyuta mashimo ndiyo yabaki na mengine yote yakatwe, nikaijaza mikeka yetu yote, nikakata mfululizo bila kubandua hata karatasi moja niangalie, kwa sababu umeme ulikuwapo na niliogopa utatoroka.

Nilipokuja kubandua, akina mama wenyewe wakiwa wameshafika kuona kazi yao, kilima hakikunyanyuka. Vilinyanyuka vipande vya mraba, kimoja kimoja, vikamwagika mezani. Mama Bosko alicheka mpaka akashika ukingo wa meza.

"Dada, umetunza mashimo ukatupa matuta! Sisi tunapanda juu ya tuta. Shimo ni la kushika maji. Kilima chako hiki mvua moja tu, kipo mtoni!"

Walicheka wote, na mimi nikacheka. Halafu nikaenda nyuma ya duka nikalia kidogo. Si kwa ajili ya manila, Mama. Nilikuwa nimechoka, na nilijua itabidi nianze upya, na Konsolata ana midomo yake.

Lakini akina mama hawakuniacha. Huku wana utaratibu wa kulimiana kwa zamu, wanauita ngokela: leo wote shambani kwangu, kesho wote kwako. Jumapili baada ya misa walishuka na mvua yao, kanga zimelowa, wamebeba mihogo ya kuchemsha, Mama Bosko akatangaza kwamba leo ngokela ni dukani. Nikakata upya, safari hii matuta yakabaki yameshikana na kilima kikanyanyuka kizima. Kila mmoja akachukua sindano. Nilidhani kila mtu atatengeneza kadi yake, kumbe hapana. Walianza wote na kadi za mama mmoja, wakazimaliza, ndipo wakahamia za mwingine. Yule mwenye zamu alikuwa anawasimulia habari za mtoto anayepelekewa, na wenzake wanatoa vile vipande vya mashimo huku wakimsikiliza. Vidole vya jembe vile, Mama, na hawakuchana hata tuta moja. Mimi nimejichoma mpaka kidole gumba kimevimba.

Ilipofika zamu ya Mama Bosko, mimi ndiye niliyekuwa nimechangamka kuliko wote. Nikawaambia na mimi nina binti, yuko kwa bibi yake Muheza, Januari anakuja, nimeshamnunulia kitanda. Wakanipongeza. Mama Bosko hakunipongeza. Aliendelea kuchokonoa kilima chake, halafu akasema hiyo kadi ni ya binti yake mkubwa aliyeko Dodoma. Huyo binti alilelewa na bibi yake kule ziwani, Mbamba Bay, kwa sababu Mama Bosko alikuwa mgonjwa muda mrefu baada ya kujifungua. Alipopona akamfuata.

"Nilimtoa kwa bibi yake kwa nguvu," alisema. "Ni wangu, nimemzaa, nani aniulize? Akaja. Hakulia hata siku moja. Anaamka, anafagia, ananiamkia vizuri, anakula anachopewa. Kama mgeni. Nikasema atazoea. Mpaka ameolewa, akiwa na shida alikuwa anampigia bibi yake. Sasa bibi amefariki."

Mama mmoja akamwambia, "Basi sasa si anakupigia wewe?"

"Hapana. Sasa hampigii mtu."

Kazi ikaendelea. Kadi ilipokamilika nikamuuliza ndani niandike nini, maana wengine walitaka mistari mirefu ya baraka. Akaniambia niandike kwamba mahindi yameota vizuri.

Mama, tangu siku ile sina raha. Nakata kadi za watu, nabandika nyota za watu, na yale maneno yananirudia. Nilikuwa na hasira na wewe. Niseme ukweli, nilikuwa nasema moyoni kwamba umeninyangʼanya mtoto. Nilipokuachia Neema alikuwa hajaanza hata kutambaa, baba yake ameshatuacha, na sikuwa na kazi wala pa kulala. Ulimpokea hukuniuliza nitamrudia lini. Wewe ndiye uliyekesha naye akiumwa, wewe ndiye unayejua usingizi wake. Mimi najua saizi ya viatu vyake tu, na hiyo naiuliza kila mwaka.

Kwa hiyo usimpandishe basi. Nimelifuta lile neno langu. Nitakuja mimi, sikukuu ikishapita, na safari hii siji kulala siku tatu na kuondoka. Nataka nikae, nimpeleke shule asubuhi, nimsuke, agombane na mimi kama anavyogombana na wewe. Baadaye tutaona, na yeye mwenyewe tutamsikiliza. Konsolata amenuna, kwa sababu Januari shule zinafungua na duka linajaa. Amesema atajitahidi kunishikia nafasi yangu, lakini hakuahidi, na simlaumu. Naogopa, Mama, nisikudanganye. Kazi ya namna hii siipati tena kirahisi, na kurudi nyumbani mikono mitupu katika umri huu naona aibu. Lakini naogopa zaidi kuwa na binti anayenisalimia vizuri.

Nisalimie kaka Yoeli na umwambie ile baiskeli anayonitengenezea tangu mwaka juzi nakuja kuikagua. Msalimie shangazi Rehema na mguu wake, na wifi na mapacha, na mjomba mpiga kengele wa kanisa, asije akaipiga kwa pupa siku ya Krismasi akaikata kamba tena. Jirani yetu mama wa maandazi mwambie huku sijapata anayemfikia.

La mwisho, nalo usimsomee mtu. Ile siku tulipoongea, ulidhani simu imekatika, kumbe bado. Nilimsikia Neema anakuuliza, "Mama, dada Eliza anataka nini?" Ukamwambia, "Siyo dada, nimekwambia mara ngapi?" Nikifika usimrekebishe. Usimkonyeze wala usimfinye. Mwache anifungulie mlango mwenyewe. Akiniita dada, nitaitika.

Ni mimi mwanao,
Eliza