Goti la Bibi na Soli Iliyotoboka

Nyumbani,
Jumamosi, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Leo sina shule, na nimeapa kukueleza yote bila kuficha, hata yale yanayonitia aibu.

Shikamoo. Habari za kazi, na za baridi ya huko? Sisi hatujambo. Baba amepona mafua. Mama bado anashona sare za wanafunzi mpaka vidole vinamuuma. Mimi nimekuwa wa tatu katika Hisabati, na huyo wa pili nitampata tu.

Tangu ulipotutumia ile video yako ukifanya taichi, yale mazoezi ya Kichina ya polepole, mimi na Bibi hatujakosa asubuhi hata moja. Tunapanda juu ya paa la jengo letu, katikati ya kamba za kuanikia nguo. Mimi nasimama mbele nikihesabu, Bibi anafuata nyuma. Baada ya miezi miwili aliacha kutumia mkongojo.

Kisha goti lake la kulia likaanza kuvimba. Mama akachukua futi yake ya kupimia nguo, akalipima, akakuta limezidi la kushoto kwa sentimita mbili. Akasema, "Wiki mbili tu. Lisipopungua, taichi basi, na mkongojo unarudi." Bibi akamjibu kwamba yeye si gauni la kupimwapimwa. Lakini chai yake aliiacha ikapoa, nikajua ameogopa.

Na mwalimu wa Bibi ni mimi.

Jumatatu iliyofuata nilipeleka viatu vyake vya mazoezi kwa fundi viatu wa pale kona. Soli ya cha kulia ilikuwa imetoboka tundu la mviringo chini ya dole gumba. Fundi akakigeuzageuza, akaniuliza, "Bibi yako anavuta sigara?"

Nikasema hapana.

"Basi anazima za nani? Kwa kutembea tu soli haitoboki hivi. Huyu anasokota mguu huku ameuegemea mwili mzima."

Nilirudi mbio mpaka juu ya paa, nikafanya zoezi polepole, nikitazama miguu badala ya mikono. Kumbe nikisema "geuka", tunageuka kama askari wa gwaride, uzito wote ungali juu ya mguu uleule, na goti ndilo linalosokoteka. Wahenga walisema kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Sisi tulilirudia mara ishirini kila asubuhi, tena kwa bidii.

Nilimwomba Bibi radhi. Alicheka mpaka akashika kamba ya nguo. "Mjukuu wangu, mimi nimebeba ndoo kichwani miaka arobaini. Nani anageuka ghafla na mzigo? Unatua kwanza."

Basi siku hizi sisemi tena "geuka". Nasema "tua", uzito unahamia mguu wa pili. Nasema "geuza", mguu mtupu unageuka kwa kisigino. Nasema "beba", ndipo uzito unarudi. Kila asubuhi mmoja wetu anakaa chini na kukagua miguu ya mwenzake, na Bibi ni mkaguzi mkali kuliko mwalimu wangu wa darasa.

Jana wiki mbili zilitimia. Mama alipima mara mbili, kwa kuwa hakuiamini futi yake mwenyewe. Imebaki nusu sentimita. Akasema, "Haya, endeleeni."

Sasa hili nalisema kwa adabu zote. Baada ya Mama kupima, niliitazama tena video yako, safari hii miguuni tu. Unapogeukia kulia, Shangazi, kiatu chako nacho kinasokoteka. Na juzi ulimwambia Baba kwamba ngazi za kazini kwako zimekuwa ndefu. Ngazi hazirefuki.

Baba na Mama wanakusalimu sana. Bibi anakuombea kila alfajiri, na anasema usione haya, hata yeye alisahihishwa na mtoto. Mungu akutunze na akuimarishie kila kiungo.

Tafadhali nijibu mara tu uipatapo barua hii: goti lako la kulia limeanza kuuma tangu lini?

Akupendaye bila kupungua,
Binti wa kaka yako