Chupa Aliyoijaza Mama

Nyumbani kwa Mama,
Mlango wa kijani, nyuma ya karakana.
Jumapili, tarehe 9 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu Kasuku,

Hujambo wewe mtu wa mbali? Shemeji hajambo? Na mwanao, yule ambaye Mama humwita "mume wangu", ameshaota meno ya mbele au bado anacheka kwa mapengo? Sisi huku wazima kabisa, ila mguu wa Mama ukipata baridi unalalamika, na yeye hulalamika pamoja nao. Mimi nipo na cherehani yangu. Wiki hii nina sare za shule thelathini na mbili, lakini nimeweka mkasi chini nikuandikie, maana habari niliyo nayo haifai kwa simu. Kwenye simu ungenikatiza kila neno, nami nataka niimalize.

Haya, kaa chini. Tumepata bomba! Ndiyo, mtaa wetu huu huu, na limewekwa langoni kwa Mama. Unafungua, maji yanatoka, unafunga, yanakoma. Siku mbili za kwanza nilikuwa naenda kulifungua bila haja yoyote, nione tu.

Sasa ngoja nianze mwanzo, kwa sababu hapa katikati pana kituko cha mama yako.

Unakumbuka ulivyoondoka mara ya mwisho. Mtoto alikunywa maji ya kisima, akaharisha siku nne mpaka akatundikiwa dripu, ukaapa humrudishi hapa hadi maji yawe salama. Hukukosea, na sikulaumu hata kidogo. Ila Mama lilimuuma. Kisima kile Baba alikichimba kwa mikono yake, na nyumba zote tisa za mtaa zinateka pale. Ukimwambia Mama maji yale ni machafu, ni kama unamsema Baba kaburini. Miaka minne hakutamka neno, lakini mtu akimtaja mjukuu wake tu, yeye alinyanyuka kwenda kukagua kamba ya ndoo.

Basi mwezi wa tatu ofisi ya maji ikamleta mpimaji, bwana mmoja mrefu, mpole, mwenye kofia. Akaeleza kwamba mitaa yenye visima vibaya ndiyo itakayotangulia kuwekewa bomba. Kwa bahati mbaya siku ile Mama alikuwa kliniki na mguu wake, na ufunguo wa kisima, kama ujuavyo, unalala kifuani mwake. Mpimaji akaniachia chupa ndogo iliyofungwa, tuijaze alfajiri ya kesho yake, atapita kuichukua. Nikampa Mama chupa na maneno, nikarudi kwenye cherehani. Hilo ndilo kosa langu mimi.

Mdogo wangu, Mama aliyachuja yale maji kwa kitambaa cheupe, akayachemsha mpaka mfuniko ukaruka, akayapoza, akayachuja tena, ndipo akajaza chupa! Wala hakumnong'oneza mtu.

Baada ya wiki mbili majibu yakarudi na mhuri wake: maji ni salama, hayana vijidudu. Weee! Mama alicheza na mguu wake mbovu. Karatasi akaibandika ukutani kando ya picha ya Baba. Majirani wakaja kuisoma kwa zamu, na mama muuza mkaa, aliyekuwa akichemsha kila tone, akatangaza kwamba sasa amepumzika. Fundi baiskeli peke yake ndiye aliyekuna kichwa, maana wiki hiyo hiyo tumbo lilikuwa linamkimbiza. Mtaa wetu ukashushwa mkiani mwa orodha ya bomba, na hakuna aliyejali. Si tulikuwa na karatasi?

Mimi nikanunua bahasha. Nikamwambia Mama, leo namtumia Kasuku hii karatasi, amlete mtoto likizo, na akija hatuhangaiki kuchemsha, atakunywa moja kwa moja ndooni. Nilikuwa najisemea tu kwa furaha. Mwiko ukamdondoka mkononi. Akakaa juu ya kigoda, akasema, "Usiitume."

"Kwa nini, Mama?"

"Yale maji niliyapika."

Nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashikilia mlango. Halafu nikaona analia, nikanyamaza. Alitaka karatasi ya kukurudisha nyumbani, Kasuku, basi. Na tena, akaniuliza, mtu mzima atoke ofisini kwake aje kuomba maji, umpe hivi hivi tu? Siku ile hakuona kama anadanganya. Aliona anamkirimu mgeni. Lakini alipomfikiria yule mume wake mdogo, mwanao, ameshika kikombe cha maji yale, moyo ulikataa.

Ungemwona kesho yake! Alipita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wachemshe. Kila mlango alianza na "mficha uchi hazai", na kabla mtu hajamkasirikia alikuwa ameshajisema mwenyewe vya kutosha. Mama muuza mkaa alinuna siku mbili, ya tatu akaja kuomba chumvi. Kisha Mama akajitwika ndoo ya maji ya kisima, mimi nyuma na mwavuli, hadi ofisi ya maji. Akaitua juu ya meza ya karani, juu ya makaratasi yake.

"Haya ndiyo maji yangu," akasema. "Yale ya kwanza yalikuwa ya kupika."

Karani akaanza kuokoa makaratasi yake. Mpimaji akatoka chumba cha nyuma, na alipoelewa alicheka mpaka akavua kofia. Akasema tangu aanze kazi amekuta watu wanaoyachafua maji ili wapate bomba, lakini wa kuyasafisha ili amfurahishe mpimaji ni Mama peke yake.

Safari hii alikuja akateka mwenyewe. Majibu: vijidudu tele. Kile choo cha nyumba ya pili kiko karibu mno, na uchafu wake umekuwa ukipenya ardhini miaka yote hii. Kumbe choo kilijengwa Baba ameshafariki, yeye alichimba mahali pazuri kabisa. Mpimaji alimwambia Mama jambo hilo mara mbili, na ya pili Mama alimpeleka akalirudie mbele ya picha.

Wakaturudisha kwenye orodha. Mtaro tumeuchimba sisi wenyewe, wanaume kwa wanawake, na fundi baiskeli alichimba kama mtu mwenye kisasi. Ijumaa moja ya mwezi uliopita bomba likafunguliwa. Lilikohoa, likatema tope, kisha maji yakaja safi, ukiyatia kwenye glasi unaona hadi mistari ya kiganja. Watoto wakalowa, wakubwa wakalowa, nami nikalowa na gauni la mteja mkononi. Hilo usimwambie mtu. Kisima hatukukifukia, tunafulia na kumwagilia mboga, na ufunguo bado uko pale pale kifuani.

Mpimaji alirudi kulipima bomba. Alipotoa chupa, Mama aliweka mikono yake yote miwili nyuma, akasema yeye hagusi. Majibu ndiyo hayo humo ndani ya bahasha. Yasome bila wasiwasi, hayakupikwa.

Kitu kimoja tu kimetushangaza. Mama amenunua kikombe kidogo cha bati, cha rangi ya samawati, akakitundika msumarini karibu na bomba. Fundi baiskeli alinyoosha mkono akinywee, akapigwa kidole kwa mwiko. Kila anayeuliza anajibiwa, "Kina mwenyewe."

Nisalimie sana shemeji na mama mkwe wako, na yule rafiki yako muuguzi aliyetutumia dawa za mguu. Muuza mkaa na fundi baiskeli wanakusalimu. Mungu awape afya, awafungulie njia, na awafikishe salama mlango huu wa kijani.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinikatiza,
Mama Pacha

Mama amesimama begani kwangu, anasema niongeze maneno yake kama yalivyo: "Mwambie mume wangu kikombe chake nimekiosha. Nakiosha kila asubuhi. Aje anywe."