Fungu la Saskwachi

Kaka yangu Lyle,

Natumaini hujambo na baridi haijakuzidi. Huku samaki wa kwanza wa msimu ameshavuliwa, na shangazi Verna akapeleka kipande kinono pale jiweni mtoni, fungu la Saskwachi, lile jitu la msituni lenye manyoya mwili mzima, kama bibi alivyotufundisha.

Juzi walikuja watafiti wawili. Wanasema Saskwachi ni uzao wa sokwe wakubwa waliovuka kutoka Asia enzi za barafu. Shangazi akawajibu, "Sokwe gani? Yule ni ndugu yetu wa msituni. Mwacheni ale." Mimi, kwa kupenda sifa, nikawaonyesha lile jiwe, wakafunga kamera mtini.

Asubuhi tukatazama picha. Ulikuwa wewe, Lyle, ndani ya koti jekundu la baba, unakula kwa mikono miwili. Nami nilidhani uko mjini Vankuva kazini.

Wakacheka hadi wakatokwa machozi. "Kumbe Saskwachi wenu anasikia baridi, kavaa koti!" Kisha mmoja akaniuliza, "Unamjua huyu?"

Nikasema simjui. Nikacheka nao.

Walipoondoka shangazi akaniambia, "Anayekula pale namjua siku nyingi. Anaona haya kurudi nyumbani mikono mitupu, nikamwacha ale kwa jina la mwingine. Wewe umemwona mara moja tu, ukamkana."

Kamera nimeing'oa. Barua hii naiacha jiweni na samaki mzima, nimembanika mwenyewe. Nimeketi hapo juu, chini ya mierezi. Ukiniona, una haki ya kusema hunijui.

Lakini kula kwanza.

Dada yako,
Noreen