Kokwa Nane Juu ya Sinia

Kaka yangu Ekuam,

Barua hii sina pa kuipeleka. Ile ya mwisho niliyokutumia Kakuma ilirudi ikiwa na alama ya duara ya kikombe mgongoni, basi najua angalau kuna mtu aliitumia kuwekea chai. Nakuandikia hivyo hivyo, kwa sababu haya hakuna mwingine ninayeweza kumwambia. Ni wewe, mimi na baba tu tunaojua jinsi mawingu ya Lodwar yanavyohesabiwa.

Unakumbuka tulivyoanza? Baba alikuwa mpimaji hodari wa kituo cha hali ya hewa. Kila baada ya saa tatu, mchana na usiku, alitoka akasoma vipimajoto, akatazama mbingu nzima, akaigawa kichwani mwake vipande vinane, kisha akawaita Nairobi kwa redio awaambie vingapi vimefunikwa na mawingu. Halafu macho yake, yaliyomwasha na kumtoa machozi tangu ujana, yakaanza kumwacha. Vitu vya karibu aliviona bado kwa tochi, pua ikikaribia kugusa kioo cha kipimajoto. Zilizompotea ni nyota. Na usiku huwezi kuhesabu mawingu ila kwa kutazama ni wapi nyota zinakosekana.

Wewe ndiye uliyegundua. Ulimkuta nje saa sita usiku ameinua uso, amesimama muda mrefu mno, na alipokusikia akakuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama kule upande wa ziwa kumefunga. Ukamjibu. Kesho yake akakuuliza tena. Sote tulielewa kwamba ofisi ikijua watamwondoa kazini, na nyumba tunayolala ni ya kituo. Mama alikuwa ameshatutoka. Hatukuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Sinia lilikuwa wazo lako, sikunyimi hilo. Ulichukua lile sinia la bati la mama, ukalijaza mchanga wa mto Turkwel, ukachora duara kwa kidole na kulikata vipande vinane, tundu la msumari likiwa kaskazini. Tukawa tunalala chali uani dakika kumi bila taa ili macho yazoee giza, kisha kila palipofunikwa tunaweka kokwa moja ya tunda la mkoma. Baba alipitisha vidole juu ya mchanga polepole, akaziokota kokwa kwa hesabu, akaenda kuita Nairobi. Walimsifu kule kwa usahihi wake. Siku nilipouweka moshi wa jikoni kwa jirani kama wingu, ulinicheka wiki nzima, na mpaka leo nikiona moshi nasikia kicheko chako.

Kisha ukapata kazi kwenye malori ya chakula cha kambi ya wakimbizi kule Kakuma. Ulisema miezi mitatu tu. Ulinikabidhi sinia mlangoni kama mtu anayeomba umshikie mzigo afunge kamba ya kiatu. Kaka, ni miaka minne sasa.

Katika miaka hiyo sijalala usiku mmoja mzima. Saa tatu, saa sita, saa tisa, saa kumi na mbili. Yule mwalimu aliyetaka kunioa alichoka kuniona nikisinzia anapozungumza, akaenda kuoa kule Lokori. Simlaumu, hata mimi ningechoka. Wenzangu wa shule wanaposema Lodwar ni kubwa siku hizi nawatazama tu, kwa maana Lodwar yangu ni hatua arobaini, kutoka kitandani mpaka uani mpaka chumba cha redio. Mbingu yote ni yangu na siwezi kwenda hata sokoni nikalala huko. Nimekuchukia, Ekuam. Naliandika ulisome.

Mwezi uliopita nikapata barua ya chuo cha ualimu. Nimekubaliwa. Niliificha siku mbili kabla ya kumsomea baba. Alifurahi, akanishika kichwa, halafu saa tatu ilipofika akauliza sinia liko wapi. Amebakiza miaka miwili astaafu. Nikaamua kuja Kakuma nikutafute, nikuombe uje kuchukua zamu yako. Nilimwambia baba nitarudi jioni ileile.

Sikukupata. Nilizunguka kambini hadi nikaelekezwa kwa Mama Achol, yule mama wa Sudan anayeuza chai karibu na ghala la chakula. Alinitazama usoni akajua mimi ni wa kwenu kabla sijataja jina. Akanipa chai, hakukubali nilipe.

"Yeye alienda Loki, ile mji ya mpaka, kutoka Loki akaenda mbele, kwetu Sudan," alisema. "Alisema nyumbani iko dada. Dada naona mawingu kupita yeye."

Nilimshukuru. Nilitaka kukivunja kile kikombe. Wewe umevuka mpaka, na mimi umenifunga kwa sifa.

Nilipofika barabarani, msafara wa magari yenye polisi ulikuwa umeshaondoka, na bila msafara hakuna dereva anayethubutu njia ile. Nikalala kwa Mama Achol, nje, kwenye mkeka. Mbingu ilikuwa safi kutoka ukingo hadi ukingo. Saa tisa niliamka mwenyewe, bila kengele, nikahesabu. Sifuri. Nililia, maana nilikuwa na hesabu sahihi kabisa na mtu wa kumpa alikuwa mbali nami saa tatu za gari.

Unajua kilichotokea nyumbani. Unakijua vizuri, na nitakueleza kwa nini nasema hivyo. Baba alitoka peke yake, akatazama juu, hakuona nyota hata moja. Mtu asiyeona nyota atasema nini? Aliandika nane. Mbingu yote imefunga. Alfajiri kulipopambazuka aliuona ubluu mtupu, akaandika sifuri.

Nilifika karibu saa sita mchana. Baba alikuwa mlangoni, uso umemchangamka, akaniambia kabla hata ya salamu kwamba mvua iko njiani, kwamba usiku mawingu yalijaa na ameshawaambia majirani. Miaka hii ya ukame unaijua. Redio ikaita. Mtu wa Nairobi aliuliza kwa upole, inakuwaje saa tisa ni nane na saa kumi na mbili ni sifuri, na akasema ndege iliyokuwa ije kumchukua mama mjamzito wa hospitali yetu imekaa chini kusubiri kwa sababu ripoti hizo mbili hazipatani. Alitaka tuthibitishe.

Baba alikishika kile kipaza sauti bila kukibonyeza. Akanigeukia.

"Akiru, kwani yalikuwa mangapi?"

Ningesema neno moja tu na yote yangekwisha. Kazi, nyumba, sinia, usiku wangu. Ningekuwa huru kabla ya chakula cha mchana. Nilikitwaa kipaza sauti mkononi mwake nikasema mimi, "Lodwar inathibitisha. Yalikuwa nane, yakaondoka kabla ya mapambazuko. Sasa ni sifuri."

Ndege ilikuja alasiri. Yule mama alifika salama, na mtoto pia, nilikwenda hospitali kuuliza. Lakini alisubiri tangu asubuhi kwenye joto lile, na hilo sitalisahau hadi kaburini.

Wiki hiyo nilitafuta vitabu vya zamani vya kumbukumbu, nikitaka kujua kama Lodwar imewahi kuwa na nane katika mwezi mkavu, ili uongo wangu upate ndugu. Nikampata. Ni mwaka ule ulioondoka, saa tisa usiku: nane. Saa kumi na mbili: sifuri. Na pembeni, kwa mwandiko wako ulioinama, "imethibitishwa". Nikakumbuka usiku ule. Zamu ilikuwa yako, mimi nimelala, nawe ulikwenda kwenye ngoma ya harusi ya rafiki yako, ukarudi jua limepanda, na siku nzima hukula. Mimi nilidhani umelewa.

Nilikaa sakafuni na kile kitabu nikakusamehe kidogo. Si sana. Kumbe hukukimbia sinia. Ulikimbia sauti yako mwenyewe redioni, na sasa nami ninayo yangu, naisikia kila ninapolala.

Jana usiku niliweka kokwa mbili upande wa mashariki, nikampelekea baba. Alipitisha vidole, akaziokota, lakini hakuinuka kwenda redioni. Alizishika kiganjani akasema bila hasira yoyote, kama anayeuliza habari za mifugo:

"Kaka yako aliposema nane, alikaa wiki mbili tu. Wewe utakaa ngapi?"

Anajua. Alijua ya kwako na anajua ya kwangu, na majirani bado wanamuuliza mvua yake iko wapi. Nilimwambia Nairobi wanasubiri, akainuka akaenda, akitambaza mkono ukutani.

Chuo kinafungua Jumatatu ijayo. Barua yao iko chini ya sinia. Kama maneno haya yatakufikia popote ulipo, usinitumie zawadi ya kitambaa wala salamu. Njoo umjibu baba, maana swali lile lilikuwa lako kabla halijawa langu. Sasa ni saa tisa kasoro dakika kumi, nazima taa nikalale chali.

Ni mimi mdogo wako, ninayeona kukupita,
Akiru