Nywele za Baada ya Matanga

Miyuji, Dodoma
12 Julai 2008

Mdogo wangu mpendwa Evarista,

Huku upepo umeanza, vumbi limeingia hadi kwenye sukari. Yule kuku uliyemwacha anaatamia mayai tisa.

Nimekubali kuja kwenye ile kliniki uliyonitafutia huko Dar es Salaam. Tangu tuliponyolewa sote kwa msiba wa shemeji yako Octavian, huu ni mwaka wa pili. Wenzangu wameshasuka mara nyingi, zangu zimeota mabakamabaka. Nimechoka kulala na kilemba.

Nilimweleza mama mkwe kwamba watanitoa damu mkononi, wataizungusha kwenye mashine, kisha yale maji yake ya manjano watanirudishia kichwani kwa sindano. Akashtuka.

"Mwanangu ndiye kazichukua nywele zako. Mwachie!"

"Mama," nikamwambia, "Octavian hakuwahi kuchukua hata kiberiti bila kuniomba."

Akacheka mpaka akalia, nami nikalia naye. Baadaye akaniuliza kama sindano zinauma.

Umeandika kwamba daktari haahidi kitu. Nitakuja hivyo hivyo. Nipokee stendi Alhamisi.

Unakumbuka shemeji yako alivyokuwa akinigawa nywele kila Jumamosi kwa mkia wa kitana, mstari unapinda, na Jumapili naimba kwaya nao vilevile? Zikiota, mstari wa kwanza nitaupinda mwenyewe.

Dada yako, niko njiani,
Loisi