Bendera ya Wendell

Williston, 11 Juni. Miezi saba tangu niondoke.

Dada Loretta,

Picha ya baraza imefika. Nimeona ndoo za bati zenye maua na vitambaa vyekundu na buluu, na bendera ukutani, kila kitu kama enzi za babu. Huku kwenye visima vya mafuta mgongo umeniisha.

Mwenzangu Clete aliitazama, akasema, "Bwana we, bendera ya kale hiyo! Mlinunua wapi?"

"Hatukununua. Ilifunika jeneza la kaka yangu Wendell, aliyefia jeshini."

Akanirudishia picha.

Unasema ilikaa bure kabatini, ukaichovya kwenye chai ili ionekane kuukuu. Loretta, una akili wewe? Askari waliikunja pembetatu wakamwekea mama mapajani siku tuliyomzika Wendell. Miaka kumi na minane hakuna aliyethubutu kuikunjua. Leo umeipigilia misumari, pambo la sikukuu ya uhuru! Hukuandika mama alisema nini, lakini nimekiona kiti chake cha barazani. Kitupu.

Ishushe. Usiifue wala usiikunje. Nashuka kwenye basi tarehe tatu Julai, na tutaikunja mimi na mama.

Nduguyo,
Verlin