Zuhura Akiumwa Tena na Nyigu

Kisegi, Homa Bay
Chumba cha nyuma ya duka

Kwako Mama yangu mpenzi,

Assalam alaykum. Shikamoo Mama, na mikono yako yote miwili naibusu kutoka huku mbali. Goti lako laendeleaje? Na kifua cha Baba, bado kinamsumbua alfajiri? Mimi hapa nala, nalala, naswali. Nimekaa eda, naangalia ukuta, na ukuta waniangalia.

Najua utasema, barua ya nini zama hizi na simu iko? Simu nimeijaribu, Mama. Kila nikianza kusema unalia, unaniambia, "Basi mwanangu, usijitoneshe," kisha unampa mtu mwengine simu. Ndiyo maana nimeandika. Mfanyabiashara wa kwetu Vanga anarudi huko na mizigo yake, nimemwapisha akukabidhi mkononi. Macho yasipokuruhusu, Hamisi akusomee, na asiruke hata neno.

Juzi huyo Hamisi, kaka yangu, alinipigia akicheka. Eti mwanangu Zuhura kaumwa na nyigu mkononi kule kwenye mikorosho, macho yakafumba, midomo ikafura kama maandazi, nawe ukampaka kitunguu na kumnywesha maziwa, akalala, asubuhi kaamka mzima. "Mkono wa Mama haujapata mpinzani!" akasema. Mimi sikucheka. Nilikata simu. Vivyo hivyo ndivyo alivyofura baba yake, mume wangu Bakari, mara ya kwanza.

Hilo hamkulijua. Nyote mliambiwa tu, Bakari kaumwa na nyuki, Bakari kafa. Nasikia huko watu wanasema nyuki hamuui mtu mzima, lazima kuna jambo. Jambo lipo, Mama, nami nitalisema lilivyo.

Mara ya kwanza ilikuwa msimu wa mahindi uliopita. Nyuki mmoja tu, shingoni. Vipele vikamtoka tumboni, mahali ambapo nyuki hakufika, na mdomo wa juu ukavimba. Nikafanya kama ulivyonifundisha. Nikaukwangua mwiba kwa ukucha, sikuufinya. Nikamwosha kwa sabuni ya kipande, nikamkanda kwa kitambaa cha maji baridi, nikampaka kitunguu. Akapona. Tukacheka sana. Akatembea soko zima akisema, "Mke wangu daktari." Tangu hapo kila aliyeumwa na mdudu hapa Kisegi alinijia mimi, nami nikaona raha, niseme nini.

Mara ya pili ilikuwa siku ya soko. Nyuki walikuwa wamehamia upenuni mwa stoo yetu, mtu akachoma taka upande wa nyuma, moshi ukawapanda. Bakari alikuwa anafungua mlango. Hawakumuuma wengi, wallahi, wachache tu. Aliingia huku ndani akitabasamu: "Mama Zuhura, lete dawa zako, wageni wamenisalimu." Nikaanza kazi yangu bila haraka. Nikakwangua miiba, nikaosha. Jirani yetu muuza mbuta, Mama Akinyi, akatuletea barafu kutoka kwenye kasha lake la samaki. Bakari akasema viganja vinamuwasha. Nikamwambia ni kawaida, tulia. Nikakata kitunguu.

Mama Akinyi alisimama pale akimtazama. Yeye huniita Min Zuhura, ndivyo wanavyosema Mama Zuhura kwa Kijaluo. Akasema, "Min Zuhura, hii si maneno ya kitunguu. Angalia midomo yake. Wewe tafuta pikipiki sasa hivi!" Nami nikamjibu, "Subiri kidogo, kitunguu kishike." Sauti ya Bakari ilikuwa imeshakauka. Nilidhani ni kiu.

Alipoanza kuvuta pumzi kwa taabu ndipo tukamtoa nje. Watu walikuwa wamejaa. Huku Kisegi, Mama, mtu akiibiwa, wanaamini anaweza kumtumia mwizi nyuki, na dawa yake ni moja: mwizi akiri, arudishe mali, nyuki waondoke na mwili upone. Basi wakamzunguka. "Mzee, sema tu ulichukua nini." "Nyuki haiwezi fuata mtu bure." "Sema, mwenyewe aitwe, utapona!" Hawakuwa wanamtukana. Hilo ndilo lisilonitoka kichwani. Walikuwa wanamtibu. Mimi nimemtibu kwa kitunguu, wao wakamtibu kwa maswali. Na yeye hana sauti, hawezi kujibu, wakaona anakataa kwa ukaidi. Wenye pikipiki wakarudi nyuma, wakiogopa kumbeba mtu mwenye deni la nyuki.

Mama Akinyi ndiye aliyewapasulia, akimwita Mungu kwa Kijaluo. "Nyasaye! Huyu mtu ameuzia nyinyi chumvi miaka yote, sasa amekuwa mwizi?" Akamkamata kijana mmoja wa bodaboda kwa ukosi wa koti, akamwambia, "Wewe Ouma, nimekupakata ukiwa mdogo. Washa." Ouma akawasha. Nilikaa nyuma nimemshika Bakari katikati. Njiani kichwa chake kikaniangukia begani. Nikadhani amezimia tu. Nilimsemesha mpaka hospitali.

Daktari alikuwa mtu mpole. Alisema kuna miili inayopigana na sumu ya nyuki mpaka inajiua yenyewe, na mara ya kwanza mara nyingi ni onyo. Akasema ipo sindano, ya paja. "Ipo hapa kabatini, mama. Ilikuwa afike tu akiwa na pumzi." Nikamwambia asante. Nilirudi nyumbani nikaviokota vipande vya kitunguu sakafuni, nikafagia. Jioni hiyohiyo tukamzika kwa msaada wa Waislamu wa mjini. Sikulia, na bado sijalia. Hasira sina, machozi sina. Walewale waliokuwa wakimwambia akiri wananiletea unga na omena, dagaa wa ziwa, kila siku, wanakaa nami, nami nawakaribisha. La kuvunda halina ubani.

Sasa sikiliza, Mama. Mkono wako ni mwema, mji mzima unajua, na mimi umenilea nao. Zuhura akiumwa mkono na mkono ukavimba, hilo ni lako. Mkwangue mwiba kama upo, mwoshe, mkande kwa maji baridi, mzuie asijikune, umpe pole yake. Lakini akiumwa mkono na mdomo ukavimba, au akatokwa vipele mwili mzima, au akatapika, au akakohoa na kusema koo limembana, hilo si lako wala langu. Usikate kitunguu. Usichemshe maziwa. Usimngojee Hamisi atoke msikitini. Mwite mwenye gari aliye karibu, mzungumze naye tangu leo, na wakati mnangoja mlaze, asisimame.

Na msingoje aumwe tena. Hamisi ampeleke hospitali wiki hii akiwa mzima, amweleze daktari kwamba baba yake amekufa kwa nyuki na mtoto mwenyewe amevimba uso kwa nyigu. Aulizie hiyo sindano. Kama kuna ya kukaa nayo nyumbani, muijue matumizi yake wote. Nikisikia mmesema "tutaona," wallahi nitatoka eda nije mwenyewe, na watu waseme watakavyo. Sitanii. Usinikasirikie Mama, sina mwengine.

Nisalimie Baba, mwambie asibishane nawe juu ya hili. Nisalimie kaka Hamisi, namsamehe kicheko chake, hakujua. Shangazi mfuma mikeka mwambie dua zake zinanifikia. Mwalimu wa madrasa naye apewe habari hii, kwa sababu mtoto yuko kwake asubuhi nzima. Mama Akinyi hapa anakusalimu, anasema siku moja atakula nawe samaki wa bahari aone kama ana ladha.

Zuhura mwenyewe mbusu. Sisi tumelelewa kwamba mtoto mwenye adabu akiguswa na dawa hanung'uniki, naye Bakari alilelewa hivyo hivyo. Koo lilikuwa linamziba na bado alikuwa akiniitikia kwa kichwa kwamba anaendelea vizuri, asinitie hofu. Adabu hiyo mwanangu msimfunze. Akiona viganja vinamuwasha, akiona koo linabana, apige kelele mpaka majirani watoke.

Ni mimi mwanao,
Mwanajuma